Mgeni Rasmi Langoni

Sijawahi kumheshimu mtu anayesema "itifaki imezingatiwa" halafu akatumia nusu saa kuizingatia. Nalisema hilo mapema, msomaji asije akadhani naandika haya kwa moyo mweupe. Nimekulia Gongo la Mboto, nimehudhuria harusi, misiba, vikao vya wazazi shuleni, na mara moja ufunguzi wa choo cha soko, na kote huko nimemsikia mwenye kipaza sauti akipanga wakubwa kama muuza nyanya anavyopanga fungu lake, kubwa juu, zilizopondeka chini. Watu wanaungua na jua, yeye anatafuta jina la mwakilishi wa mwakilishi. Kwa miaka mingi niliyaona hayo kuwa kero tu, kama mbu. Sikujua kwamba kuna siku itifaki itaingia ndani ya programu ya kompyuta na kumtoa mdogo wangu kwenye mpira.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni moja Mbezi Beach. Naiita kampuni kwa sababu ilikuwa na muhuri. Kwa kweli lilikuwa banda la uani kwenye nyumba ya wazazi wa bosi, banda ambalo zamani alilala mlinzi. Wakalipaka rangi nyeupe, wakafunga kiyoyozi, mlinzi akahamishiwa kwenye kiti getini. Bosi mwenyewe alikuwa kijana wa umri wangu. Alisoma nje kidogo akarudi na lafudhi nyingi. Hakuweza kusema jambo bila kulivika koti. Ukimwambia chai imepoa, anakwambia inabidi tuupitie mchakato mzima.

Kazi tuliyopata mwaka huo ilikuwa ya ubao wa matokeo. Kamati moja iliyokuwa ikiandaa mashindano ya mpira ya mitaani upande wa Temeke ilinunua ubao wa taa uliotumika, ikataka tuuandikie programu. Nisieleweke vibaya: si ule uwanja mkubwa wa Chamazi wenye majukwaa na nyasi za kupendeza. Sie kiwanja chetu kilikuwa mbele zaidi, kina ukuta wa matofali upande mmoja na mihogo ya watu upande wa pili. Ubao ulitakiwa kuonyesha magoli, muda, na jina la kila mchezaji anayeingia au kutoka. Hilo la majina ndilo lililowapagawisha. Mtoto wa mtu kucheza Chamazi, hata kama ni pembezoni mwa Chamazi, na jina lake likawaka kwa taa nyekundu mbele ya mtaa mzima, halikuwa jambo dogo.

Kwetu halikuwa dogo kabisa. Mdogo wangu alikuwa golikipa wa akiba wa moja ya timu hizo. Alikuwa amemaliza shule, anaishi kwa baba, anaamka alfajiri kukimbia, anarudi kula. Baba alikuwa hamwamini. Aliwahi kwenda kumtazama mara moja akamkuta amekaa benchi na mfuko wa maji miguuni, akarudi nyumbani akisema amemsomesha mtoto hadi kuwa mbeba maji. Mjomba wetu, kaka yake marehemu mama, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Masasi na alikuwa anamtaka kijana huyo siku nyingi. Baba akamwita mdogo wangu na mimi, akaweka simu katikati ya mkeka ili mjomba asikie, akasema maneno ambayo sote tuliyaitikia.

"Hayo mashindano yana ubao wa majina, dada yako ndiye anautengeneza. Mie nitakwenda siku ya kwanza. Nikiona jina lako limeandikwa pale, sikugusi, cheza mpira wako mpaka uzeeke. Nisipoliona, unakwenda kwa mjomba wako."

"Sawa, baba," mdogo wangu akasema. Alikuwa anatabasamu. Dada yake ndiye anautengeneza ubao, wasiwasi wa nini?

Mtu anaweza kumcheka baba kwa kung'ang'ania jina. Nami nilikuwa nikimcheka, mpaka nilipokumbuka kazi yake. Baba ni Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Amechonga mpingo tangu kijana, na wafanyabiashara wamekuwa wakija kununua kwake uani na kwenda kuuza Mwenge. Chini ya kila kinyago wanabandika kikaratasi cha duka lao. Kwenye hoteli moja ufukweni, karibu na ofisi yetu, niliwahi kukiona kinyago chake kimoja cha watu waliobebana. Nilikitambua kwa sababu nilikuwa nakitia nta nikiwa msichana. Kimewekwa kwenye meza ya kioo, na pembeni yake kibao cha shaba chenye jina la mkubwa aliyekitoa zawadi. Nilipomsimulia, baba hakuuliza kinyago kiko katika hali gani. Aliuliza kibao kimeandikwa nini, nikamwambia, akaendelea kunoa patasi.

Sasa nije kwenye programu, nami nitaieleza kwa lugha ya kawaida, tofauti na bosi wangu. Programu tunaiandika kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma akijitahidi. Mashine haiyaelewi. Kwa hiyo kuna chombo kingine cha kuyageuza maneno yetu yawe kitu ambacho chipu inaweza kukitekeleza, na kugeuza huko ndiko tunakoita kukompaili. Kwa kawaida programu ikishakamilika huweza kufungua mafaili yake yenyewe na kusoma majina au bei wakati inafanya kazi. Ubao wetu haukuwa na pa kuweka faili. Ulikuwa na chipu moja ndogo mgongoni, basi. Ikabidi majina yasomwe mapema, wakati wa kukompaili, yaingie ndani ya programu yenyewe na kukaa humo. Ni kama chumvi ya chapati. Huwekwa kwenye unga, na chapati ikishaiva hakuna mjadala tena.

Na kwa kuwa chipu ilikuwa ndogo, bosi aliamua tusisome faili lote. Lugha tuliyotumia ina amri ya namna hiyo: unaitajia faili, unaiwekea kikomo, nayo inasoma kuanzia herufi ya kwanza mpaka kwenye kikomo, kisha inasimama. Haiulizi kilichobaki ni nini. Haitoi onyo, kwa sababu umeiagiza isome sehemu na imesoma sehemu. Amri yenyewe haina ubaya, nimeitumia mara nyingi tangu hapo. Ubaya ni kumpa mtu ambaye hajajiuliza nini kiko mwanzoni mwa faili lake na nini kiko mwishoni.

Faili lilitoka kwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa mstaafu wa ofisi fulani, mwenye suti moja ya kaki na kalamu mbili mfukoni, na aliliandaa yeye mwenyewe kwa mikono yake mitukufu. Mimi nilikuwa nimemwomba kitu chepesi kabisa: kila mstari namba ya jezi na jina, timu ya kwanza, kisha timu ya pili. Nilipolifungua nikakuta salamu. Mstari wa kwanza ulikuwa Mgeni Rasmi, na cheo chake, na cheo chake cha zamani, kwa sababu kumbe cheo cha zamani hakiozi. Chini yake alikuwa yeye mwenyewe mwenyekiti. Kisha makamu, diwani, mtendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, wadhamini, viongozi wa dini kwa madhehebu yao, wazee maarufu, na wengine wote kwa nafasi zao, itifaki imezingatiwa. Wachezaji walianza chini kabisa, kama wapishi wa harusi wanaokumbukwa watu wakishavaa viatu. Na chini ya wachezaji wote, mstari wa mwisho wa faili, alikuwa golikipa wa akiba wa timu ya pili, mdogo wangu, aliyesajiliwa baada ya wenzake.

Niliwapandisha wachezaji juu na kuwashusha wakubwa chini. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kumenya chungwa. Mwenyekiti alipokuja ofisini kuonyeshwa, akatazama kioo cha laptopu yangu, akavua miwani.

"Binti, hiki nini?"

"Shikamoo, mzee. Ni faili lako. Nimewaanzisha wachezaji ili tukikata, tusimkate mchezaji."

"Marahaba. Sasa Mgeni Rasmi atakaaje nyuma ya golikipa wa akiba?"

Nikamweleza kwamba hakai nyuma ya mtu, kwamba ni mpangilio wa ndani ambao hakuna jicho la binadamu litakalouona, na kwamba ubao utawakaribisha wageni kwanza kama anavyotaka. Akanisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akamgeukia bosi, akamwambia kwamba yeye amefanya kazi na viongozi, na kiongozi huhisi.

"Sista, mteja keshasema," bosi akaniambia. "We mbishi sana, unachelewesha ishu."

Nikarudisha wakubwa juu. Nikapima. Kwa orodha ile, kikomo kilitosha, lakini kwa kubanana: jina la mdogo wangu lilimalizika pale pale nafasi ilipomalizikia. Nikamwambia bosi kwamba likiongezwa neno moja juu, mtu wa chini anadondoka. Nikamwambia pia kwamba chipu bado ina nafasi, ila yeye ameijaza nembo ya kampuni inayozunguka. Alikuwa ameichora yeye, nembo yenyewe, na ilikuwa inazunguka kila ubao ulipopumzika, mfano wa feni iliyochoka. Tukiiondoa nembo, kikomo kinapanda na hakuna anayedondoka.

"Nembo ndiyo itatuletea kazi nyingine," akasema. "Na nani ataongeza jina?"

Katika nchi hii, mtu mzima anauliza nani ataongeza jina la mkubwa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Jambo moja zaidi na tumalizane na ufundi. Bosi hakutaka ubao ubaki mtupu hata kidogo. Alisema utupu unaondoa imani. Kwa hiyo aliandika mwenyewe kwamba namba ya jezi ikikosekana, ubao uonyeshe mstari wa kwanza wa faili. Nilimuuliza kwa nini mstari wa kwanza, akasema mstari wa kwanza upo siku zote.

Siku ya ufunguzi nilikwenda na baba. Alivaa shati lake la msibani, ambalo ndilo pia la sherehe, akakaa nami kwenye benchi la mbao upande wa ukutani. Hakusema mengi. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili na wenzake wa akiba, amevaa glavu tayari, kana kwamba ataitwa dakika ya kwanza. Alipotuona alitupungia. Baba aliinua kidole kimoja kutoka kwenye goti, na kwa baba hilo lilikuwa shangwe.

Wageni walichelewa, kama ada. Jua likatuchoma. Walipowasili, mshereheshaji akaanza kuwataja, na ubao ukaanza kuwakaribisha mmoja mmoja kwa taa nyekundu. Nilikuwa naifahamu ile orodha kama sala. Mgeni Rasmi, mwenyekiti, makamu, diwani. Kisha likatokea jina ambalo sijawahi kuliona. Meneja wa benki fulani. Likafuata lingine, mke wa mdhamini, na cheo chake kilikuwa hicho, mke wa mdhamini. Likafuata la msanii wa singeli aliyekuja kutumbuiza wakati wa mapumziko. Nikainuka, nikamwacha baba kwenye benchi.

Nilimkuta bosi nyuma ya ubao, laptopu mapajani, mwavuli juu.

"Bosi, faili limeongezeka."

"Ee, mwenyekiti kanitumia jipya mchana. Nimekompaili hapa hapa. Imepita bila kosa hata moja."

"Kikomo umekipandisha?"

Akanitazama kama nimemuuliza kuhusu mahari ya mama yake. "Kwa nini? Mashine haijalalamika."

"Italalamika nini? Umeiambia isome kiasi, imesoma kiasi. Golikipa wa akiba wa timu ya pili hayumo. Toa nembo, pandisha kikomo, tukompaili upya. Ni dakika chache tu."

"Tuzime ubao mbele ya Mgeni Rasmi?"

"Hata mpira haujaanza."

"Mgeni Rasmi keshakaa, sista. Tena golikipa wa akiba haingiagi. Relaksi."

Nilimwambia kwamba huyo golikipa ni mdogo wangu, na kwamba baba yangu amekaa pale kwa ajili ya jina hilo moja tu. Akasema anaelewa kabisa. Akaniahidi kwamba mechi inayofuata litakuwemo, yeye mwenyewe atalisimamia. Kisha akaifunga laptopu. Nilitaka kumnyang'anya. Mpaka leo nikiiona laptopu imefungwa taratibu namna ile, kwa vidole viwili, nasikia hasira.

Nikarudi kukaa kando ya baba na kumwombea dua golikipa wa kwanza. Sikumjua hata ukoo wake, ila nilimwombea magoti, vifundo vya miguu, macho na akili. Kila alipoanguka nilishika ukingo wa benchi. Kipindi cha kwanza kikapita salama. Msanii wa singeli akaimba, vumbi likapanda, Mgeni Rasmi akatikisa kichwa nje ya mdundo. Kipindi cha pili kikaanza.

Kilikuwa kichwa kwa kichwa. Mpira wa kona ulipigwa, golikipa akatoka, straika akaruka, wote wakaanguka, na mmoja hakuinuka. Wakamtoa amebebwa. Upande wa pili niliona mdogo wangu ameshasimama.

Baba akasogea mbele kwenye benchi. Akatoa miwani yake mfukoni, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Aliitazama njia yote ambayo mdogo wangu alipita akikimbia kuelekea golini, kisha akainua macho kwenye ubao. Nembo ilikuwa inazunguka. Ikasimama. Maandishi yakaanza kupita kutoka kulia kwenda kushoto, polepole ili hata mwenye macho mabovu asikose: ANAINGIA, MGENI RASMI, MHESHIMIWA, na jina lake, na cheo chake, na cheo chake cha zamani.

Kisha Mgeni Rasmi akainuka. Sijui aliambiwa nini na waliomzunguka, au kama kweli kiongozi huhisi. Aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akatupungia mkono kulia na kushoto. Mshereheshaji, mtu wa kazi yake, akaomba makofi ya kilo. Wakubwa wakapiga makofi. Na ndipo uwanja mzima ukacheka, hasa wale vijana wa upande wa mihogo, wakaanza kuimba kwa sauti moja, daka Mheshimiwa, daka Mheshimiwa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mstari wa goli, ameugeukia ubao. Nilimwona akiutazama mpaka maandishi yalipokwisha kupita. Kisha akatugeukia tulipokaa, akageuka tena kuukabili mchezo, akapiga glavu zake pamoja. Na alidaka. Nasema kama shahidi aliyekuwa na kila sababu ya kufumba macho: aliokoa mkwaju wa karibu kwa mguu, akapangua mwingine uliokuwa unakwenda pembeni juu, na mechi ikaisha sare kwa sababu yake. Kila alipodaka, vijana waliimba Mheshimiwa. Baba alikuwa ameshavua miwani.

Jioni ile tulikaa nyumbani uani Gongo la Mboto, kati ya magogo ya mpingo. Mdogo wangu alifika baada yetu akiwa bado na vumbi magotini. Akamwamkia baba, akakaa chini.

"Umedaka vizuri," baba akasema.

"Asante, baba."

"Mjomba wako nimempigia. Jumatano kuna basi."

Hapo nikaingilia, na niliongea sana, pengine kuliko siku yoyote mbele ya baba. Nikamwambia kosa si la mtoto, ni la bosi wangu na mwenyekiti. Nikamweleza faili, kikomo, wageni walioongezwa mchana, jina lililokatwa kwa kukosa nafasi. Baba alisikiliza yote. Yeye si mtu wa kukatiza.

"Kwa hiyo kwenye hicho kidude hakukuwa na nafasi."

"Ilikuwepo, baba. Ilitumika."

"Iliwekwa nini?"

"Nembo ya kampuni."

"Kile kinachozunguka."

"Ndicho."

Akacheka puani. Mdogo wangu alikuwa anachora mavumbini kwa kidole.

"Baba, umemwona kwa macho yako. Anajua kudaka."

"Mie nimemwona. Kudaka kwake sikuwa na shaka nako, hata angefungwa kumi." Akasema bila kupandisha sauti. "Nilikwenda kutazama kama wao wanamwona. Mie nimechonga mbele za watu, wanakuja hapa, wanakaa hapo ulipokaa, wananipongeza. Niambie jina langu liko wapi. Huyu leo kaokoa timu, aliyepigiwa makofi ni mwenye koti. Sasa nimwache hapo azeeke?"

Kilichonichoma ni kwamba nilikubaliana naye, na bado nilitaka mdogo wangu abaki. Mdogo wangu ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alisema alikubali mwenyewe mbele ya mjomba, na hatageuka. Akaenda kuoga. Jumatano akapanda basi la Masasi na glavu zake zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Bosi alitaka kujua Jumatatu kama "lile tukio dogo" lina la kutufundisha. Nikamwambia linafundisha. Nikaifuta nembo, nikapandisha kikomo mpaka faili lote likaingia na nafasi ikabaki, na kazi hiyo yote haikunifikisha muda wa chai. Hakuniuliza nembo imekwenda wapi kwa sababu barua ilikuwa imetoka kwa Mgeni Rasmi, akiishukuru kampuni kwa heshima ya pekee aliyopewa uwanjani, na bosi alikuwa anatafuta fremu.

Kwa nusu fainali mwenyekiti alileta faili jipya. Salamu zilikuwa ndefu zaidi. Chini, kwenye wachezaji wa timu ya mdogo wangu, alikuwa amenakili orodha ya zamani kama ilivyokuwa, na mstari wa mwisho ulikuwa vile vile. Timu ilikuwa imeshampata golikipa mwingine wa akiba, kijana wa Mbagala. Kamati haikujua. Nililitazama jina la mdogo wangu kwenye kioo, nikajiuliza kama nimpigie mwenyekiti simu. Sikumpigia. Nikakompaili.

Siku ya nusu fainali nilisimama peke yangu upande wa mihogo. Wakati wa mapumziko ubao, ambao sasa haukuwa na nembo ya kuzungusha, ulipitisha wachezaji wote wa timu zote mbili, na wa mwisho kabisa, kwa taa nyekundu, polepole, lilipita jina kamili la mdogo wangu, la kwake, la baba na la babu. Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti alikuwa anatafuna korosho jukwaani. Nikapiga picha.

Nilimpelekea baba nyumbani. Nilitaka nini, hata sijui. Labda nilitaka ajute kidogo. Alivaa miwani, akaishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisoma midomo ikitikisika.

"Hii ya lini?"

"Leo, baba."

"Na yeye yuko Masasi."

"Ndiyo."

"Na hao wenyewe hawakuuliza huyu mtu yuko wapi?"

"Hawakuuliza."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi sikukosea."

Aliisema kama mtu ambaye angefurahi kukosea. Hakunirudishia simu. Alikaa nayo, na kioo kilipozimika alikigusa kwa kidole chake kigumu ili kiwake tena, mara ya kwanza hakikuwaka, akajaribu tena. Nikamuuliza kama nimtumie mdogo wangu ile picha.

"Huyo ya nini? Yeye jina lake analijua," baba akasema. "Niwekee kwenye simu yangu."